Antibayotiki za Muda Mrefu: Probayotiki Umeze Saa Ngapi na Uache Lini

Mtu wa dozi ya siku 5 anaweza kuvumilia tumbo likivurugika, dawa ikaisha na choo kikarudi sawa chenyewe. Aliyeandikiwa wiki 6 kwa maambukizi ya mfupa, au miezi kadhaa kwa chunusi sugu, hawezi kungoja hivyo. Tumbo likimshinda ataruka dozi, na dozi zikirukwa vijidudu hupata nafasi ya kuzoea dawa. Hapo ndipo probayotiki, yaani vijidudu hai vyenye manufaa vinavyomezwa, huwa na maana, na kazi yake ni moja tu: kupunguza uwezekano wa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Hailindi ini wala haizuii upele. Mwaka 2020, American Gastroenterological Association, chama cha madaktari wa tumbo na utumbo cha Marekani, ilipendekeza aina chache tu wakati wa antibayotiki, tena ikakiri kwamba ushahidi ni hafifu na kwamba anayejali gharama au madhara hakosei akiziacha.

Kwenye chupa, soma jina kamili la kijidudu kabla ya jina la biashara. Zilizopimwa sana ni Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii. GG ni bakteria, kwa hiyo antibayotiki inaweza kumuua. Boulardii ni hamira, na antibayotiki haimgusi. Kwa matibabu marefu ningeanza naye. Mtu mzima humeza kwa kawaida miligramu 250 hadi 500 mara mbili kwa siku. Kwa GG, tafuta angalau bakteria hai bilioni 10 kwa siku, na idadi hiyo iwe imehakikishwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Inayohesabiwa siku ya kutengenezwa haikusaidii, kwa sababu bakteria hufa wakiwa wamekaa rafuni. Lebo inayojisifu kwa aina 12 bila kutaja kiasi cha kila moja ni mapambo.

GG mtenge na antibayotiki kwa saa 2 au zaidi. Ukimeza dawa saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, saa 7 mchana inafaa. Usiteremshe na kinywaji cha moto, maana joto huua hata hamira.

Mtindi, ambao wengi huula kama probayotiki, ndio unaoharibu kimyakimya. Kalsiamu yake hushikana na antibayotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini tumboni, dawa isiingie vizuri mwilini, na baadaye ikadhaniwa kuwa imeshindwa. Siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya mtindi au saa 6 baada yake. Doksisaiklini itenge nao kwa saa 2 hadi 3. Vidonge vya kalsiamu, chuma na dawa za kutuliza asidi vina tatizo hilohilo.

Siku za mwanzo tarajia gesi na tumbo kujaa. Ushauri wa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ujue kipi kimekusumbua, ni mzuri, ila hapa unagongana na jambo jingine: probayotiki hukinga zaidi ikianzwa ndani ya siku 2 za dozi ya kwanza. Basi anza mapema kwa nusu ya kiasi, kisha panda. Andika kila siku saa ya kila dawa, umekwenda choo mara ngapi na kikoje. Gesi ikizidi, simamisha probayotiki siku 3 au 4 uone. Antibayotiki usiiguse bila daktari.

Kuna dalili ambazo probayotiki haihusiki nazo kabisa. Maumivu ya kano za kisigino ukiwa kwenye siprofloksasini, macho kuwa ya njano na mkojo mweusi, au upele unaosambaa: mpigie daktari siku hiyohiyo. Kifua kuwaka baada ya doksisaiklini mara nyingi ni kapsuli iliyonasa njiani. Imeze na glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa.

Choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, hasa kikiandamana na homa, damu au maumivu makali, kinahitaji kipimo cha Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuharisha kukali baada ya antibayotiki. Huweza kutokea hata miezi 3 baada ya dozi kuisha. Kuongeza probayotiki hakutibu, na loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, isimezwe kabla ya majibu, kwani hubakiza sumu ndani ya utumbo.

Mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, anayepata tibakemikali, aliyepandikizwa kiungo, mgonjwa mahututi na mtoto njiti wasipewe probayotiki kwa uamuzi wa nyumbani. Hamira hai imewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa wa namna hiyo. Hata kapsuli isifunguliwe karibu na mpira huo, kwa sababu unga wake hushika mikononi. Na ukiandikiwa flukonazo kwa fangasi, boulardii hana kazi tena, kwani dawa hiyo inamuua.

Dozi ya antibayotiki ikiisha, endelea na probayotiki wiki 1 hadi 2, kisha acha; kuna sababu ya kutoirefusha. Utafiti mdogo wa Weizmann Institute nchini Israeli, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kuwa waliomeza mchanganyiko wa aina 11 baada ya antibayotiki walichelewa kurudishiwa bakteria wao wa asili kuliko wale ambao hawakumeza chochote.