Kona ya Dada wa Pedi ya Gemu: Bunduki isiyo na risasi niiweke wapi?

SWALI: Dada, nimeamua kupanga gemu zangu za kompyuta kwa mafungu, kila aina na folda yake. Portal imenishinda. Unaona kwa macho ya mhusika, mkononi una bunduki, na unafyatua toka mwanzo hadi mwisho. Nikaiweka kwenye gemu za kupiga risasi. Mdogo wangu akaihamishia kwenye chemshabongo. Nikairudisha. Asubuhi nawasha kompyuta, imehama tena. Tuamulie.
— Kaka Mtu

JIBU: Pole, Kaka Mtu, mdogo wako ameshinda. Bunduki ya Portal, gemu iliyotoka 2007, haina risasi hata moja. Inafungua matundu mawili: unaingia kwenye hili, unatokea kwenye lile. Hata ile mitambo inayokumiminia risasi humo ndani huwezi kuijibu kwa risasi. Unatafuta namna ya kuiangusha. Muda mwingi umesimama tu, unapiga hesabu: nikifungua tundu ukutani kule juu na jingine sakafuni, kisha nikajirusha, nitatua wapi? Mtu anayewaza hivyo yuko kwenye chemshabongo, awe ameshika bunduki au kijiko.

Naelewa kilichokupoteza. Riwaya na filamu tumezoea kuzigawa kwa kisa: hii ya mapenzi, hii ya upelelezi, hii ya vita. Gemu haziendi hivyo. Chukua mbili za vita. Katika ya kwanza wewe ni askari mmoja, unalenga na kukwepa. Katika ya pili unautazama uwanja kutoka juu kama mwewe, unaamuru kikosi hiki kichimbe madini, kile kilinde daraja. Kwa kisa, zote mbili zingekaa rafu moja. Lakini mpe aliyebobea kwenye ya kwanza acheze ya pili, utamwona anavyohangaika, kwa kuwa mikono yake haikufundwa kazi hiyo. Sisi tunapanga kwa kazi ya mikono.

Mimi nina jaribio langu. Nawaza picha zote zimefutwa: askari amekuwa mraba, zimwi limekuwa duara, ngome imekuwa mstari. Halafu najiuliza, nimebaki nafanya nini? Naruka? Nalenga? Napanga? Donkey Kong ya 1981, ukiiondolea sokwe na binti aliyetekwa, kinachobaki ni kupanda na kuruka, ndiyo maana inakaa ukoo mmoja na Super Mario Bros. ya 1985. Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyodondoka, haina hata cha kuvuliwa, ilizaliwa uchi.

Usidhani, lakini, kwamba kuna wazee waliokaa kikao wakagawa majina. Mara nyingi hutangulia gemu moja, zikafuata za kuiga, na jina likaja nyuma yao likitweta. Doom ilipotoka 1993, zilizofuata ziliitwa kwa miaka kadhaa "nakala za Doom", hadi watu walipozoea kusema gemu za risasi za nafsi ya kwanza, yaani unaona kwa macho ya mhusika. Mwaka 1976 Will Crowther, mtaalamu wa programu aliyependa kutambaa mapangoni, aliandika gemu ya maneno matupu kuhusu pango. Ikajulikana kwa jina la Adventure, na hadi leo ukoo mzima wa gemu za kutembea huku na huku ukifumbua kisa unabeba jina hilo. Metroid na Castlevania nazo zikaunganishwa majina, tukapata Metroidvania: gemu za ramani moja kubwa iliyojaa milango usiyoweza kuifungua mpaka upate kifaa fulani, kisha unarudi ulikotoka. Kwa aliyezicheza hizo mbili, jina linatosha. Kwa mgeni halisemi kitu.

Halafu kuna Rogue, ya 1980, ambayo nina deni nayo. Humo pango hupangwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, hakuna kurudi pale ulipoishia. Zilizorithi tabia hiyo zikaitwa za mithili ya Rogue. Hapa sasa watu kweli walikaa kikao: Berlin, mwaka 2008, wakaandika sifa za kupimia ni gemu ipi inastahili jina hilo. Ubishi haukwisha, ulipata tu karatasi ya kusomea. (Deni lenyewe: niliwahi kushuka ghorofa nyingi humo chini, nikashinda viumbe vya kutisha, kisha nikafa njaa. Chakula nilikipita nikikimbilia upanga.)

SWALI: Kwa jumla kuna aina ngapi? Nataka namba tu.
— Mpenda Hesabu

JIBU: Mbunifu wa gemu Chris Crawford aliandika mwaka 1984 kwamba mafungu makuu ni mawili, la wepesi wa mkono na la mikakati. Mwanazuoni Mark J. P. Wolf, mwaka 2001, akahesabu 42. Chukua itakayoenea kabatini kwako.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mtu mzima, gemu sizijui. Kijana wangu kila nikimuuliza anacheza nini, ananijibu "RPG". Leo mtu na joka, kesho mpira, keshokutwa bunduki, zote RPG. Ananidanganya?
— Mama Mwenye Mashaka

JIBU: Shikamoo mama. Hakudanganyi sana.

Herufi hizo zinasimamia gemu za kuigiza wahusika, na chimbuko lake ni mezani, si kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa: mchawi, mwizi, shujaa wa panga. Kila mhusika ana karatasi yake yenye tarakimu, nguvu kiasi hiki, akili kiasi hiki, na anavyopata uzoefu tarakimu zinapanda.

Kompyuta ilipouchukua mchezo huo ilichukua kile inachokiweza, yaani tarakimu. Kuigiza kwenyewe, kule kubadili sauti na kutunga uongo papo hapo mbele ya wenzako, kwa kiasi kikubwa kulibaki mezani. Kwa hiyo jina linasema kuigiza, ila kinachomshika kijana wako ni kuona namba inapanda. Kwenye gemu maarufu za Japani, kama Dragon Quest ya 1986 na Final Fantasy ya 1987, kisa kimekwisha kuandikwa, na wewe unakifuata huku ukikuza nguvu za mashujaa wako. Jina ni lile lile.

Sasa zile namba zimetoroka. Utazikuta kwenye gemu za mpira, mchezaji wako akiongezewa kasi alama moja moja. Utazikuta kwenye za magari na za bunduki. Ndiyo sababu kijana anaona RPG kila mahali. Mimi ningeiita hivyo pale tu ambapo ukiondoa namba hakuna gemu iliyobaki. Mpira ukiondoa namba, bado ni mpira. Mwambie hivyo, mama, uone atakavyokutazama.

SWALI: Dada, toleo lililopita ulisema aina za gemu ni kazi ya mikono. Mbona basi kuna "gemu za kutisha"? Kuogopa ni kazi ya mkono gani?
— Nimekukamata

JIBU: Umenikamata nusu. Ni kweli jina hilo limetoka kwenye hisia. Ila icheze Resident Evil ya 1996 ukiangalia vidole vyako. Risasi ni chache, mfuko una nafasi za kuhesabika, na hata kuhifadhi ulipofikia kunagharimu: unahitaji utepe wa wino wa taipureta, nao hautoshi. Zimwi liko mlangoni, na badala ya kufyatua unasita, unahesabu, unaamua kupita pembeni ili risasi ibaki. Hofu hiyo wameitengeneza kwa uhaba, na uhaba unaonekana mkononi. Wape wachezaji wa gemu hiyo hiyo risasi zisizokwisha, watacheka.

Nusu iliyobaki ni yako. Zipo gemu ambazo unatembea tu gizani, unasikiliza, huna cha kushika, na bado moyo unadunda. Hizo, kwa jaribio langu la mraba na duara, zingeingia folda moja na gemu za kutembea bustanini kutazama maua. Nilijaribu kuziweka huko kwa siku mbili. Nikazitoa.