Kapcha ikigoma baada ya apdeti, paswedi yako iache kwanza

Kama jana uliingia kwenye tovuti yako vizuri tu na leo unaandika jina lilelile na paswedi ileile inakujibu kapcha (ule mtihani wa kuhakikisha wewe si roboti) si sahihi, au kile kiboksi cha "mimi si roboti" hakitokei kabisa, tafadhali usianze kubadilisha paswedi. Mara nyingi paswedi haina shida yoyote, kilichovurugika ni plagini (programu ya nyongeza kwenye tovuti) ya kapcha iliyojiapdeti usiku we umelala.

Mi natunza tovuti za watu huku Mtwara na Lindi, gesti, maduka, shule, na hii shida naikuta sana kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa WordPress. Iliyoniuma zaidi ni ya kaka mmoja wa Masasi anayeweka bei za minada ya korosho ya vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU, wakulima wanamfuata kwa sababu anaandika haraka na haongezi chumvi. Siku ya mnada bei anazo mkononi kwenye karatasi, watu wanamuuliza WhatsApp vipi leo imefika ngapi, na yeye yuko nje ya tovuti yake mwenyewe. Kajaribu kajaribu mpaka plagini nyingine ya ulinzi ikamfungia kabisa ikidhani ni mwizi anabahatisha paswedi. Akakimbilia "umesahau paswedi", kumbe na ile fomu ina kapcha ileile mbovu, napo akagonga mwamba. Ndo maana nawaambia ikikataa mara mbili acha, unavyozidi kujaribu unajiongezea kufuli lingine.

Ukielewa kinachoendelea pale hutahangaika. Unapofungua ukurasa wa kulogini brauza yako inavuta faili kutoka kwa mwenye kapcha, mfano Google wenye reCAPTCHA, ukishatiki unapewa tokeni, yaani kibali cha muda, tokeni inasafiri pamoja na jina na paswedi mpaka kwenye seva ya tovuti yako, na seva nayo inawauliza Google hii ni halali au vipi. Jibu likirudi baya hupiti hata kama paswedi ni sahihi. Kazi yote hiyo inategemea funguo mbili, moja ya wazi inakaa kwenye ukurasa na nyingine ya siri inakaa kwenye mipangilio ya plagini. Sasa apdeti ikikutoa kwenye toleo la v2 la kutiki ikakupeleka v3 isiyo na kiboksi, funguo zako za v2 hazitumiki huko, na hapo ndo unaona yale maandishi mekundu ya kumwambia mwenye tovuti kwamba aina ya funguo siyo. Mara nyingine apdeti haina kosa lolote ila ulihama kutoka .com kwenda .co.tz na domeni mpya (anwani ya tovuti) hujaiongeza kule Google, au una plagini mbili za kapcha zinagombania fomu moja, au plagini ya kache (inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka) imehifadhi ukurasa wa zamani wa kulogini.

Na kabla hujalaumu apdeti cheki mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu intaneti ya Tanzania ilisuasua vibaya, na kapcha inategemea faili kutoka nje, isipofika kiboksi hakitokei. Jaribu kwa laini nyingine. Kingine ambacho watu hawakijui, tokeni ya reCAPTCHA v2 inaisha muda ndani ya dakika mbili, kwa hiyo ukitiki kwanza halafu ndo unaanza kutafuta paswedi kwenye daftari, ukibonyeza ingia imeshakufa. Andika kila kitu, tiki mwisho.

Haya, mtandao uko poa na bado hupiti. Zungukia nyuma kupitia hostingi, yaani kule tovuti yako inakohifadhiwa. Ingia cPanel, ile paneli ya kuisimamia hostingi, fungua File Manager, nenda public_html, wp-content, plugins, hapo utaona folda za plagini zako zote kwa majina. Tafuta ile ya kapcha, ibadilishe jina, ongeza tu neno mwishoni, mi huwa naandika -zima. Usiifute. WordPress ikikosa ile folda inaiacha plagini nje hapohapo, rudi kwenye ukurasa wa kulogini, kapcha hakuna, unaingia kwa paswedi yako ya siku zote. Ukishaingia fungua kwanza ukurasa wa plagini, WordPress itakwambia imeizima kwa sababu faili halipo, ndipo urudi kule ukarudishe jina la zamani. Mpangilio huu ni muhimu jamani, ukirudisha jina kabla hujafungua ule ukurasa plagini inaamka ikiwa bado hai na ukitoka unafungiwa tena. Mipangilio yako haipotei, iko kwenye databesi.

Kuna watu wanakaa wanasubiri email ya WordPress. Ni kweli tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 tovuti ikipata kosa kubwa la kuiangusha unatumiwa linki ya kuingilia kwa dharura, ila kapcha kukataa siyo kosa la kuangusha tovuti, kwa macho ya WordPress kila kitu kinaenda sawa, kwa hiyo utasubiri mpaka kesho na email haiji.

Sasa hapa kwenye hostingi ndo penye kidonda. Yule kaka wa Masasi hakuwa na cPanel. Tovuti alitengenezewa na fundi yuko Dar, hostingi imelipwa kwa email ya fundi, domeni imesajiliwa kwa jina la fundi, na fundi siku hiyo simu haipatikani. Tulikuja kupenya jioni fundi alipopokea simu, mnada umeshaisha na bei zimeshazagaa mitaani nyingine za uongo. Nikizunguka huku naona hali ni hiyohiyo, mtu analipia kila mwaka kitu ambacho ufunguo wake hana. Hili linanikera kweli kwa sababu siyo gharama, ni kuomba tu. Leo hii mpigie aliyekutengenezea, mwambie kwa heshima naomba logini ya hostingi, na domeni na email viwe kwa jina langu. Fundi mwaminifu atakupa bila maneno. Akianza kukuzungusha ujue tatizo lako ni kubwa kuliko kapcha.

Ukishaingia usikimbilie kuiwasha tena ileile. Soma kwanza wameandika wamebadilisha nini, tengeneza funguo mpya za toleo husika, au shusha toleo la nyuma, kwenye ukurasa wa plagini pale WordPress.org kuna sehemu ya Advanced View na chini kabisa matoleo ya zamani yapo. Na fikiria nani anaitumia. Kuna mama ana gesti Mikindani, siku moja kanipigia, namwambia shikamoo mama, ananijibu marahaba mwanangu, hii simu inaniuliza mabomba ya zimamoto yako wapi mbona mi siyaoni. Zile picha ni za mitaa ya Marekani, bomba lenyewe limesimama kando ya barabara kama kisiki na hajawahi kuliona maisha yake, na kioo cha simu kidogo, akikosea moja anaanza upya na bando linakwenda. Nilimuwekea kapcha ya Turnstile ya Cloudflare, iliyotoka 2022, ni ya bure na haina mafumbo ya picha, tangu hapo anaingia mwenyewe kuangalia bukingi.

Kuhusu apdeti za kujiendesha, WordPress imeziruhusu kwa plagini tangu 5.5 ya Agosti 2020 na nyingi mi naziachia, ila kitu chochote kinachokaa mlangoni, kapcha au plagini ya usalama, naapdeti kwa mkono, mchana, na siyo siku ya mnada. Hiyo haimaanishi uache kuapdeti miezi. Na uangalie nani anamiliki plagini, maana Desemba 2017 plagini moja iliyoitwa Captcha, yenye watumiaji kama 300,000, ilikutwa na mlango wa nyuma wa kuingilia kwa siri uliowekwa kwa apdeti baada ya kuuzwa kwa mmiliki mwingine.

Ukishaapdeti usitoke. Acha dirisha lako limelogini hivyohivyo, fungua lingine la siri la brauza (incognito), au chukua simu nyingine, jaribu kulogini kule. Ikikubali toka kwa amani, ikikataa bado uko ndani, unaizima plagini kwa kubonyeza mara moja.