Uliza Ujibiwe: Kwanini ndege ya Bukoba inarudi Mwanza wakati tushafika?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni msomaji wenu, nakaa Mbagala ila kwetu ni Kamachumu. Desemba iliyopita nlipanda ndege kwenda Bukoba, tukafika juu ya ziwa mvua inapiga, ndege ikazunguka weee alafu tukatangaziwa tunarudi Mwanza. Watu waligomba sana, kuna baba alikua anawahi maziko ya kaka yake. Mwaka huu nataka nimpandishe mama ndege twende nyumbani, yeye anasema bora basi, hajasahau ile ajali. Niambie ukweli, uwanja wetu una shida gani? Na nani aliamua kuuweka pale majini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yule baba nampa pole ya dhati, kukosa kumzika ndugu yako ni jambo linakaa moyoni. Ila rubani aliyewarudisha Mwanza alifanya kazi yake vizuri kabisa na ngoja nikueleze kwanini.

Uwanja wa Bukoba uko mjini, yaani ukishuka na begi lako jepesi unaweza tembea kwa miguu mpaka sokoni. Raha hiyo ina gharama yake. Upande mmoja lami inaishia ziwani, upande wa pili ni mji na vilima, kwahiyo hakuna pa kuurefusha kirahisi. Njia ya kurukia ni kama kilomita moja na nusu hivi, wakati KIA, ule uwanja wa Kilimanjaro, ina kilomita 3.6. Alafu Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege kwenye hewa nyepesi inataka lami ndefu zaidi kuruka na kutua. Ndo maana hutaona Airbus pale, zinakuja ATR na Dash 8 Q400, ndege za mapanga, zile watu wanaziita pangaboi kwa dharau, na mi huwa inaniuma kidogo nikisikia hivo manake hizo pangaboi ndo zimetufikisha nyumbani miaka yote, zimetengenezwa hasa kwa viwanja vifupi kama chetu.

Sasa mvua. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote za ziwa kwenda katikati, unakutana kule, hewa yenye joto na unyevu inapanda juu, mawingu ya radi yanajijenga usiku kucha tumelala. Ikifika alfajiri upepo wa mashariki unayasukuma yote kuja upande wa magharibi, na magharibi ndo sisi. Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Dodoma hawafikishi hata 600. Kwahiyo asubuhi unaweza kukuta Mwanza jua linawaka na Bukoba hata kisiwa cha Musira hakionekani, na kiko hapo mbele tu. Rubani wa kutua Bukoba hana ule mtambo wa redio kama wa Dar wa kumshusha kwa kipimo mpaka karibu na lami, lazima aione lami kwa macho yake. Asipoiona anazunguka, anasubiri, mafuta ya kusubiria yana mwisho, anarudi Mwanza. Hapo ndo mligomba.

Na ile ajali mama anayoisema, ni tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, hali ya hewa mbaya hivo hivo. ATR 42 ya Precision Air ikitokea Dar iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja ikiwa na watu 43. Walifariki 19, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 wakaokolewa. Wa kwanza kufika walikua wavuvi na mitumbwi yao. Mi nasema wazi na nitaendelea kusema, uwanja ambao lami yake inaishia majini unatakiwa kuwa na boti ya uokoaji na wazamiaji wenye vifaa, saa zote ambazo ndege inatua, kama vile gari la zimamoto linavyokaa tayari. Wavuvi wetu walijitoa na tunawashukuru, ila mtu aliyetoka mwaloni na kasia hatakiwi kuwa ndo mpango wenyewe.

Kuhusu uwanja kuwekwa pale, kumbuka kwenye ziwa hili ndege zilianzia majini. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la ndege la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya London mpaka Mwanza, na kipande cha huku kwetu walitumia ndege zinazotua juu ya maji, zikipitia Kisumu. Za nchi kavu nazo zilitaka sehemu tambarare, na Bukoba ukitoa ule ukanda wa ufukweni, kilichobaki ni mabonde na migomba kwenye vilima. East African Airways, shirika la pamoja la Afrika Mashariki, ilipokufa 1977 ikazaliwa Air Tanzania, baadae Precision nao walioanza kuruka 1993 wakaja. Muda mwingi pale palikua udongo tu, mvua ikinyesha ni tope. Lami na jengo la abiria unaloliona leo ni matunda ya mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, na Rais Magufuli alizindua Novemba 2017. Jengo ni dogo lakini safi, unachekin, unakaguliwa, unakaa, ndege ikifika unatembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi, na begi linafungwa kikaratasi cha BKB, kifupi cha uwanja wa Bukoba. Mpango wa uwanja mkubwa kule Omukajunguti, Missenyi, tumeusikia miaka na miaka, na mi nautaka kwa moyo wote.

Mama umwambie hivi: basi toka Dar ni kama kilomita 1,400 za kukaa, magoti yake yatalia. Mkate tiketi ya mchana kama ipo, na kama kuna shughuli nyumbani fikeni siku moja kabla, hasa Aprili na Novemba. Mkirudishwa Mwanza, meli ya MV Victoria imerudi majini, mnapanda usiku mnaamka Bukoba. Nlisafiri nayo na marehemu bibi yangu nikiwa darasa la tano, alinifunika kanga usiku kucha.

SWALI: Dada, senene naruhusiwa kupanda nao ndege toka Bukoba? Nliwahi kuambiwa niwaache. Mama Kevi, Kahama.

JIBU: Senene waliokaangwa wakakauka vizuri hawana tatizo, shida inakuja kwa wabichi, wananuka na wanatoa maji yanaloanisha mizigo ya wenzako. Kaanga, acha wapoe kabisa, weka kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, zungushia soletepu, peleka kwenye mizigo ya chini. Na pima kilo nyumbani waitu, manake ukishaongeza ndizi na kahawa ya kutafuna lazima izidi, na pale kaunta utaanza kugawa senene kwa watu usiowajua.

SWALI: Kwanini senene wengi wanakuja Novemba, mwezi ule ule ndege zinarudi rudi?

JIBU: Mvua hiyo hiyo mdogo wangu. Senene wanafuata mvua za vuli, na mvua za vuli ndo zinaficha lami. Ukiona taa za barabarani zimejaa senene usiku na watu wako nje na ndoo, ujue mwenye tiketi ya ndege ya alfajiri apige simu kwanza aulize.