Kompyuta za zamani, bila kuvuta waya mpya

Nina steshenari hapa Majengo, kompyuta tatu za mezani, zote hazina Wi-Fi. Fundi anataka kutoboa ukuta avute waya. Nimruhusu?

Asitoboe kwanza, ndugu yangu. Kila kompyuta inunulie kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Muulize muuzaji kama kinakubali Windows uliyonayo, na akupe draiva yake, yaani programu ya kukiendesha, kwenye flashi. Matundu yasafishe kabla ya kuchomeka, maana upepo wa Dodoma unajaza vumbi kila mahali.

Wengi hukosea hapa: kidude wanakichomeka nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza, kinabanwa kati ya bati na ukuta wa tofali, kisha wanakiita kibovu. Changu nilikaribia kukirudisha dukani. Nilipokiunga kwa kiwaya kifupi cha kurefushia USB na kukiweka juu ya meza, mtandao ukashika vizuri. Vidude vingi vya bei ndogo hupokea masafa ya GHz 2.4 tu, kwa hiyo yaache wazi kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi. Kompyuta ikikataa nywila iliyo sahihi, angalia aina ya ulinzi wa Wi-Fi kwenye ruta: ukiwa WPA3 peke yake, weka WPA2.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, Kongwa. Kompyuta ni moja, ruta hatuna.

Marahaba, mwalimu. Simu ya Android inatosha. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushea intaneti kwa USB. Simu isipoonekana kwenye kompyuta, badilisha waya, kwani nyaya nyingine hupitisha chaji tu. Simamisha masasisho ya Windows, yasije yakala bando lote asubuhi moja.

Vile vidude vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme vinafaa? Niko Nkuhungu.

Vinafaa ndani ya nyumba yenye mita moja. Vichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni. Kwa mpangaji mwenye mita yake ya LUKU, usivitegemee.

Kaka, nahamisha mafaili tu kati ya kompyuta mbili, moja ni Windows XP. Kondoa.

Tumia flashi, na uikague kwa antivairasi kwenye ile mpya zaidi. Hiyo ya XP usiiunganishe na intaneti kabisa: Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.