Gari la kabureta linatetemeka sailensi? Kabureta iache mwisho

Injini ya zamani ikianza kutetemeka sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, wengi hukimbilia bisibisi na skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa kwenye kabureta. Ndiyo maana magari mengi hufika gereji yakiwa na ubovu wa aina mbili: ule wa mwanzo, na ule ulioongezwa na bisibisi. Fuata mpangilio huu: kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na valvu, kisha moto wa plagi, kisha hewa inayoingia kwa njia ya wizi, na kabureta mwisho kabisa. Valvu isiyofunga haiponi kwa kuongezewa mafuta.

Pasha injini hadi joto lake la kawaida, choki iwe imerudi yote. Fanyia kazi hii nje, maana moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi nyingi. Chomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiunguruma, ukitumia koleo yenye mpini wa mpira, na waya uliouchomoa uugusishe bodi. Moto ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili. Silinda isiyo na ubovu ukiinyima moto, mlio unashuka papo hapo. Isiyobadilisha kitu ndiyo mgonjwa wako. Kama zote zinashusha mlio sawasawa, tafuta kitu kinachozihusu zote: platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili ili plagi ipige), taimingi (wakati plagi inapopiga), au mchanganyiko.

Silinda mgonjwa ikijulikana, ibadilishie plagi na waya na ya jirani kwanza. Ubovu ukihama, umeshaupata. Usipohama, pima kompresheni. Toa plagi zote, kata umeme wa koili, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mpaka geji iache kupanda. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ina jambo. Mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: geji ikipanda sana, ringi zimechoka, isipopanda, ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi kati yao. Lakini kabla ya kufungua hedi angalia tapeti, yaani uwazi wa valvu. Tapeti zinazogonga kidogo hazinitii hofu. Zilizo kimya mno ndizo mbaya, kwa kuwa valvu iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake na mwishowe inaungua.

Kwenye moto, plagi na kepu ya distribyuta hukaguliwa haraka. Platini ndiyo inayotaka subira. Kwa distribyuta nyingi za Lucas za silinda nne, uwazi ni milimita 0.35 hadi 0.40, ukipimwa kwa fila geji kisigino cha platini kikiwa kileleni mwa kemu (nundu ya shafti ya distribyuta). Uso mmoja ukiota kilima na mwingine ukichimbika shimo, angalia kondensa. Kisha shika shafti ya distribyuta, itikise upande kwa upande. Ikicheza, bushi zimekwisha: uwazi unabadilika kwenye kila mzunguko, na kwenye taa ya taimingi alama inarukaruka. Hapo utarekebisha hadi kesho bila faida. Nyonya pia kwa mdomo ule mpira mwembamba unaoenda kwenye distribyuta, uzibe kwa ulimi. Sahani ya platini inapaswa kuzunguka kidogo na kubaki hapo. Ikirudi yenyewe, diaframu imetoboka, na tundu hilo linaweza pia kuingiza hewa kwenye manifoldi.

Ukiwa na geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, injini ya kawaida iliyo salama husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, mshale ukitulia (karibu na usawa wa bahari, punguza inchi moja hivi kwa kila mita 300 za kupanda). Mshale ukidondoka kwa mpigo uleule, rudi kwenye valvu. Ukitulia lakini chini, ama taimingi imechelewa ama hewa inavuja. Bana kwa klampu mpira wa busta ya breki: mlio ukitulia, kosa liko huko. Gasketi ya manifoldi nyunyizia maji kidogo kidogo kwa chupa ya kupulizia. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta, nayo inafanya kazi, ila inashika moto, na ekzosi ya moto iko pale pale chini. Mahali panaposahaulika sana ni shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Dondoshea oili ncha zake mbili; injini ikitulia kwa sekunde chache, tundu zimepanuka na zinahitaji bushi mpya.

Sasa kabureta. Ukiifunga skrubu ya mchanganyiko yote na injini haijali, kipepeo kimefunguliwa kupita kiasi na injini inavuta mafuta kwenye matundu ya juu yake. Kwa kawaida mtu alipandisha mlio ili kuficha taimingi iliyochelewa au silinda isiyofanya kazi. Kwa kabureta aina ya Weber, toa jeti za sailensi (vitundu vinavyopima mafuta) uzipulize kwa hewa. Usichokonoe kwa waya, utapanua tundu. Kwa gari lenye kabureta mbili aina ya SU, legeza kiungo kati yake, sawazisha mvuto wa hewa wa kila moja, kisha inua pistoni ya kabureta kama milimita moja tu. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukishuka hadi injini kutaka kuzima, ni machache. Ukipanda kidogo tu na kurudi, acha hapo. Nati ya jeti izungushwe upande mmoja kati ya sita kwa kila jaribio: kushusha kunaongeza mafuta, kupandisha kunapunguza. Kaza kiungo, rekebisha mlio ufike takriban mizunguko 800 kwa dakika au kama kitabu cha gari kinavyosema, kisha rudia kuinua pistoni zote mbili, kwa sababu ukigusa moja unaivuruga na ya pili.