Marseille siku mbili, peke yako

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinatosha Marseille, Ufaransa, ukiwa peke yako na begi la mgongoni. Zinatosha, ila usizimalizie kwenye makumbusho. Mimi nilishukia stesheni ya Saint-Charles. Nje tu kuna ngazi 104 za kuteremkia mjini, na wakati wa kurudi na mzigo utazihesabu moja moja! Kwa hiyo tafuta kitanda karibu na hapo au Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, tua begi, ndipo uzurure.

Asubuhi wahi bandarini. Wavuvi wanauza samaki mezani, wengine bado wanapiga mikia. Kisha panda Le Panier, mtaa wa kale: vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa madirishani. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatajiona mgeni sana. Kula Noailles, sokoni, ndiko kwenye unafuu. Na usishtuke ukisikia maneno unayoyaelewa nusunusu: Wakomoro ni wengi sana mji ule, na lugha yao ni jirani kabisa na Kiswahili. Mama mmoja muuza ndizi tulielewana kwa namba na vicheko, nikaongezewa mbili.

Siku ya pili iachie Calanques, ile miamba myeupe juu ya bahari. Kama ni kiangazi angalia kwanza: hatari ya moto ikizidi wanafunga njia, na Sugiton, mojawapo ya ghuba za huko, unatakiwa ujiandikishe mapema mtandaoni, ni bure. Maji beba mwenyewe, lita mbili si nyingi. Ndala acha hosteli.