Republican na kura za weusi

Mdau, umeuliza inakuwaje Republican ya Marekani, chama cha Lincoln, rais aliyepigania kukomesha utumwa, kikose kura za weusi. Anzia 1964: mgombea wao wa urais, Barry Goldwater, aliipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, kule Seneti. Weusi wengi walishaanza kuhamia Democrat, chama pinzani, miaka ya 1930, na tangu hapo walio wengi mno wako huko. Kwa Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) kosa ni jingine. Mgombea wao Mitt Romney aliposhindwa urais 2012, ripoti ya chama chenyewe ya 2013 ilishauri wakubali mageuzi ya uhamiaji. Seneti ikapitisha muswada wa mageuzi hayo, 68 kwa 32. Baraza la Wawakilishi, walilolishika wao, halikuupigia hata kura. Ukishafanya hivyo, kofia na fulana za kampeni za wiki ya mwisho (hata Mbagala tunazivaa tu) hazisaidii. Trump 2024 aliwavuta Walatino wengi zaidi, ila hapo ugumu wa maisha ulimbeba.